Milango ya Safari ya Pili

Ndugu wasomaji wa ukurasa huu, jina langu naomba libaki kapuni, kwa sababu mtaa ninaokaa hapa Tabora mjini ni mdogo na gari nitakalolisema linajulikana na kila mtu. Nina miaka ishirini na saba, nimeolewa, nina watoto watatu na wa mwisho bado mchanga. Hasira zilishaniisha. Kilichobaki ni kinyaa, tena kinyaa cha mtu niliyezaa naye.

Mume wangu ni fundi magari. Kabla sijapata huyu mtoto wa mwisho, alikokota hadi nyumbani landrova kuukuu iliyotupwa porini na watu waliokuwa wakifyeka msitu kuua mbung'o. Ilikuwa bati tupu. Akaipandisha juu ya magogo uani kwetu, na kwa muda mrefu mimi nikawa naanika nepi kwenye boneti. Injini aliitafuta kipande kipande. Akakata paa la nyuma, akaongeza majani ya springi ili gari lisimame juu lipite kwenye mashina na mchanga. Nyumba nzima ilinuka grisi, hata ugali ulinuka grisi, na sikulalamika. Nilimshikia spana na nilijivunia mume wangu. Gari likawaka, likatembea, ila nyuma alifunga fito tu, maana mbao za mninga za kutengenezea bodi alikuwa hajazipata.

Ndipo watu walipoanza kuhamishiwa vijiji vya ujamaa. Kwetu nilikozaliwa, upande wa Goweko, nako wakaambiwa wahame, na mume wangu akapata kazi ya kuwabeba. Wakaliita gari lake Mkombozi. Sasa, kwetu mtu akihama nyumba ya miti na udongo anaiacha, atajenga nyingine, lakini mlango anahama nao. Ndizo mbao pekee zilizopasuliwa kwa msumeno, na ndio unaomkinga na fisi. Kila nyumba ikang'oa mlango wake, ukalazwa kando ya njia. Mume wangu akawaambia wapande kwanza wao, watoto na vyakula, milango itakuja safari ya pili. Wakamwamini, kwani ni mkwe wao. Na ni huyuhuyu ambaye kila akikaa na watu hujisifu kwamba babu yake alikuwa mpagazi wa misafara, aliyebeba mizigo ya watu hadi pwani bila kupoteza hata ushanga.

Haukupita muda landrova ikapata bodi, tena bodi zuri, limepigwa randa na rangi ya kijani. Alisema mbao kauziwa na mpasua mbao wa Ipole. Nikampikia pilau kwa furaha. Nikiikumbuka ile pilau natamani kutapika.

Mvua zilipoanza nikapanda treni kwenda kumsalimu mama yangu, ambaye ni mjane. Nikamkuta kwenye kibanda chenye gunia mlangoni. Fisi alikuwa amepita palepale, akamchukua mbuzi aliyefungwa karibu na kitanda mama akiwa amelala. Nikamwuliza mlango wake uko wapi. Akanijibu bila ubaya wowote, "Bado safari ya pili, mwanangu. Magari nayo huharibika."

Nikamwambia basi amwulize mkwewe. Akanitazama kama nimemtukana. Kwetu mama mkwe na mkwewe huheshimiana kwa kukwepana. Mama akimwona mume wangu njiani hugeuza uso na kupita kando, hali naye wala hakai naye pamoja, sembuse kumdai mlango.

Nikarudi mjini moyo mzito. Siku moja naliosha gari, nikaona mvua imebandua rangi pembeni mwa bodi, na chini ya ubao mmoja kuna kipande cha debe kilichopigiliwa misumari. Nikakibandua kwa kisu. Ndani kulikuwa na tundu, kingo zake nyeusi. Ndugu zangu, tundu lile nalijua. Marehemu baba alilitoboa kwa chuma cha moto chini ya mlango wetu, ili kuku watoke wenyewe alfajiri na mama apate kulala. Naambiwa hata mimi nilipokuwa natambaa nilikuwa nachungulia hapo.

Nikamfuata mume wangu, nikamkuta anakula. Nikamwambia nimeona mlango wa mama. Hakuacha kula. Akasema mbao zingeoza bure njiani, na gari hili ndilo linalotulisha. Nikamwuliza, na mama yangu je? Akalamba vidole, kimoja kimoja, akasema, "Mama yako ni mkwe wangu. Hawezi kuniuliza."

Kumbe alishapiga hesabu. Heshima ya mama yangu ndiyo aliyoifanya kufuli la wizi wake. Tangu siku ile akinigusa mwili unanisisimka vibaya, na sahani yake naiosha peke yake. Kule kijijini bado wanamwekea kuku wa zawadi na kuliita gari lake Mkombozi, huku wamelala nyuma ya magunia. Nikisema, gari litavunjwa na wanangu watalala njaa, na mama atabeba aibu ya kuwa mkwewe ni mwizi. Nikinyamaza, fisi hawanyamazi.

Mtoto akitimiza arobaini, mume wangu atakwenda kumchukua mama aje kumwona mjukuu. Ameshatuma salamu na mama amefurahi sana. Mbele kwa dereva hawezi kukaa, si mnajua, kuna mkwe. Atapanda nyuma, atajifunika khanga usoni kwa heshima, na njia nzima atakuwa ameegemea mlango wake mwenyewe.

Wenzangu, nimwambie kabla hajapanda, au nimwache apande? Nishaurini, mimi nimeshindwa.