Nilipomshikia Uzi Fundi wa Msikiti wa Kale

Pombe sijaonja maishani, macho yangu mazima, na siku hiyo sikuwa na homa. Naanza na hayo kwa sababu kila ninapokisimulia kisa hiki lazima atokee mtu aniulize moja kati ya hayo matatu. Basi nimekujibu kabla hujauliza. Yaliyonipata katika msikiti wa kale wa upande wa Mtongwe yalinipata mchana, jua linawaka, nami niko macho kama ulivyo wewe sasa.

Ilikuwa miaka ile ya vita kuu vya pili. Nilikuwa mwashi pale Likoni, kijana bado, kazi nimefundishwa na marehemu baba. Nilikuwa nimemposa binti wa Mzee Bakari, jina lake Mwanamisi, na Mzee Bakari huyo ndiye aliyekuwa msimamizi wa msikiti wetu mpya. Akanipa kazi ya kujenga kibla, pale mahali anaposimama imamu, na juu yake tao la mawe. Alitaka kazi iishe kabla ya Ramadhani.

Tao likaanguka.

Nikalijenga tena. Likaanguka tena, safari hii Ijumaa asubuhi, waumini wakaja kuswali wakakuta kibla ni chungu ya vifusi. Hakuumia mtu, alhamdulillahi, lakini nilivyochekwa mtaani siku hiyo sitaki hata kukueleza. Simenti haikupatikana, yote ilikuwa inakwenda kwenye kambi za jeshi. Nilibaki na chokaa, na chokaa yenyewe, nikuambie kweli, nilikuwa siijui. Baba alifariki kabla hatujafika huko.

Mzee Bakari hakunifokea. Laiti angenifokea! Alinitazama tu, akasema, "Mwanangu, likianguka mara ya tatu nitamwita fundi wa Kisauni." Kisha akaongeza, "Na huyo fundi wa Kisauni hajaoa."

Wewe ungefanya nini? Mimi nilikwenda kwa shangazi yangu Mwanasha nikakaa jikoni kwake nikalia kama mtoto. Shangazi hakuacha kukuna nazi. "Kule msituni Mtongwe liko tao limesimama tangu babu za babu zetu hawajazaliwa," akasema. "Badala ya kunililia hapa, nenda kaliulize limesimamaje." Akanifungia mkate na tambuu. "Na ukifika, toa salamu kwanza. Mle hamna mtu, lakini toa."

Nikaenda siku ya pili yake, baada ya adhuhuri.

Ukiona msikiti ule, mwenyewe utanyamaza. Paa lilikwisha anguka zamani, mizizi ya miti imekumbatia kuta, lakini nguzo za pembe nane bado zimesimama wima. Nje ya mlango kuna birika la kutawadhia, siku hiyo limejaa majani makavu mpaka juu. Na kibla! Tao lake limechongoka juu, kingo zake zimechongwa mfano wa kamba iliyosokotwa, na pande zote mbili mabakuli ya Kichina ya rangi ya kijani yamepachikwa ukutani, mengine hata ufa hayana. Nikasimama mdomo wazi. Nikapitisha kidole kwenye maungio ya mawe nisione pa kuingiza hata ukucha.

Salamu nikaisahau.

"Waingia kama mbuzi, hata salamu huna?"

Nikageuka. Kizee kifupi kimesimama karibu na nguzo, kikoi amekikunja magotini, mikono imejaa chokaa mpaka kwenye viwiko, uzi na timazi ya kupimia wima wa ukuta vimening'inia begani. Nikajua huyu ni fundi mwenzangu, pengine katumwa kurekebisha. Nani angedhani vingine?

"Assalamu alaikum, mzee. Niwie radhi."

"Wa alaikumu salamu. Ndoo unishikie uzi."

Alisema "ndoo", si "njoo", kama wasemavyo wazee wa Mvita. Nikaushika uzi upande mmoja, yeye akaushika upande wa pili, tukaanza kupima ukuta. Tulipima mpaka mgongo ukaniuma. Nikilegeza kidogo ananikemea. Nilipompa tambuu alifurahi mno, akatafuna amefumba macho, akaniuliza kwa utulivu, "Habari za Kilwa? Wamekwisha kuumaliza ule msikiti wa makuba?" Nikadhani anatania, maana msikiti ule umekuwa gofu miaka na miaka. Nikamwambia bado wanapaka rangi. Akaridhika.

Basi nikamweleza shida yangu yote, tao, Ijumaa, Mwanamisi na fundi wa Kisauni. Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mawe yako wayachonga makavu?"

"Makavu, mzee."

"Mwanangu! Matumbawe hutolewa baharini, yakachongwa yangali mabichi, laini kama tango. Yakishakauka yakawa magumu, ndipo uyapange. Na chokaa yako ina umri gani?"

"Siku kumi na mbili."

"Siku kumi na mbili!" Akageukia ukutani akapaza sauti. "Jamani, mwasikia? Siku kumi na mbili!"

Na nyuma ya ukuta, wallahi, watu wakaangua kicheko. Si mmoja, wengi. Nikaona haya, nikadhani ni vibarua wake wamepumzika kivulini.

Alipomaliza kunicheka akanihurumia. Akanionyesha kwa kidole. "Nyuma ya kibla, hatua saba kutoka ukutani, tulizika chokaa iive kwa miaka, nyingine ikabaki. Chukua ikutoshayo. Lakini ukichukua, zika nyingine pale pale, uifunike vyema. Fundi ajaye naye ataitaka."

Kisha akatazama kivuli cha nguzo, akajipangusa mikono. "Alasiri imeingia. Simama, tuswali. Wenzangu watawadha."

Nikasikia maji. Yakimwagika, yakichotwa, mtu anasukutua, mwingine anakohoa. Nikachungulia mlangoni. Birika lile lile, majani makavu yale yale, hata tone hakuna. Na pale kizingitini nikaona unyayo wa maji. Ukaja mwingine. Zikaja jozi kwa jozi, mbichi, zinametameta, zikapita pembeni yangu bila mtu juu yake, zikajipanga safu mbele ya kibla. Nilipomtafuta yule mzee hayupo. Zipo nyayo zake tu, fupi fupi, nazo zimesimama mahali pa imamu.

Utaniuliza kwa nini sikukimbia. Miguu ilikataa! Nikasimama safu ya nyuma, nikaswali. Sijui nilisoma nini, Mungu atanisamehe. Nilipofika kutoa salamu, nikageuka kulia, hakuna mtu. Nikageuka kushoto, hakuna mtu. Na mara mkono wangu wa kulia ukapewa mkono, kama waumini wapeanavyo baada ya swala, mkono wa baridi, mbichi, wenye kukwaruza. Ukanitikisa kwa mapenzi kabisa.

Hapo miguu ikakubali. Nilikimbia, sioni haya kusema, na kiatu kimoja mpaka leo kiko huko.

Nilipofika kwa shangazi kiganja changu kilikuwa cheupe pepe. Akakisugua kwa ndimu, kwa mchanga, kwa majivu. Hakikutoka. Alipochoka kusugua akanishika huo huo mkono akanipeleka kwa Mzee Bakari. Mzee akasikiliza yote, akakinusa kiganja, akainuka. "Kesho asubuhi," akasema. "Mimi nitachukua jembe."

Kesho yake tulitoa salamu mlangoni mara tatu, na Mzee Bakari, mtu mzima yule, aliitoa kwa sauti ya kuadhini. Tukahesabu hatua saba, tukachimba. Jembe likagonga kigae kipana cha jiwe. Chini yake chokaa, nyeupe, laini, ina unyevu kama tui zito. Mzee Bakari akatia kidole, akakitazama, kisha akakaa chini palepale kwenye udongo. "Huyu aliyeizika," akasema polepole, "alikufikiria wewe."

Tulichukua madebe manne. Wavuvi wakanitolea matumbawe mabichi maji yalipokupwa, nikayachonga, yakakauka, nikayapanga. Siku ya kuondoa miti ya kuegemeza tao, mtaa mzima ulikuja kutazama, na wengine walikuja kucheka, nawajua. Nilisimama chini yake mwenyewe. Mzee Bakari akaja akasimama pamoja nami. Nikaugonga mti wa mwisho ukatoka.

Tao halikutikisika. Vumbi kidogo likanidondokea puani, nikapiga chafya, watu wote wakakimbia nje! Sisi wawili tukabaki chini ya tao, tumeshikana, tunacheka mpaka machozi.

Ramadhani ile tuliswali pale, na baada ya Idi nikamwoa Mwanamisi. Kiganja mpaka leo ni cheupe. Mke wangu husema kinamfaa, gizani hanipotezi. Na chokaa ya madebe manne niliichoma mwenyewe, nikaizika mahali pale pale, nikaifunika vyema.

Lakini nisikuache hivi. Yule fundi wa Kisauni alisikia habari, akaenda kuuona msikiti wa kale kwa macho yake. Akaingia bila salamu, akalitazama lile tao, akasema, "Mbona limepinda?" Hakupigwa, hakutokewa na mtu. Alirudi nyumbani salama. Ila tangu siku hiyo kila ukuta alioujenga ulitoka kombo, timazi ikimwambia uko sawa na watu wakiuona umelala. Mwishowe akaacha uashi, sasa anauza samaki, na hata meza yake imeinama.

Basi ukipita Mtongwe ukaona kuta zile za kale kati ya miti, ingia, hakuna atakayekudhuru. Toa salamu kwanza. Ukiambiwa ushike uzi, ushike, wala usilegeze. Na likikujia wazo kwamba lile tao limepinda, funga mdomo wako, ukatafute daktari wa macho.