Sura ya Baba Ilipoungua

Nilipokuwa mtoto pale mtaani Buyenzi, milio ya risasi kutoka milimani tuliizoea. Mashine ya sinema ya Tonton Yusufu, mdogo wake Baba, hatukuizoea. Aliihamishia nyumbani baada ya jumba alimokuwa akiiendesha kufungwa kwa sababu ya vita. Bibi, mama yao, aliichukia. Alisema ukitazama filimu ya mtu aliye safarini, unawapa wachawi sura yake.

Na Baba alikuwa safarini. Alipeleka lori Gitega, siku aliyoahidi kurudi ikapita, na barabara ile ilikuwa ikitegwa na watu wenye bunduki. Mama aliacha kula. Alasiri moja akamwomba shemeji yake amwonyeshe filimu ya harusi yao, auone uso wa mumewe, basi.

Tukaziba madirisha kwa mablanketi. Baba akatokea ukutani, kijana ndani ya kanzu, akicheka bila sauti. Mama akasogea karibu mno, kivuli chake kikamfunika bwana harusi nusu.

Bibi akaingia.

"Yusufu, zima hiyo. Mutu iko mu njia, na we unamuchezea sura?"

"Mama, hii ni taa na plastiki tu."

"Na wachawi wanatumiaka nini? Vitu vikubwa?"

Hapo filimu ikakwama. Baba akaganda, mdomo wazi. Doa la kahawia likachomoza shavuni, likatanuka, likaula uso wote. Tonton alipochomoa waya, chumba kilikuwa kimejaa harufu ya kuungua.

Tangu hapo nyumba haikutulia. Bibi alifukiza ubani hadi tukakohoa. Mama alianza kufagia ua, akaacha katikati, akaanza tena. Bibi alitueleza kwamba mtu aliyechukuliwa hivyo hafi. Anaweza hata kurudi, lakini anayerudi ni msukule, mwili unaomtumikia mwingine, na msukule hawezi kula chumvi.

Ndiyo maana Baba alipofika, mchana wa Ijumaa, kwa miguu, na kiatu kimoja, hakupigiwa vigelegele. Nilitaka kukimbia, Bibi akanishika gauni. Akatoka na chumvi, akammiminia Baba kiganjani, pale mlangoni.

"Lamba."

"Mama, mi nina njaa, na we unanipa chumvi?"

"Lamba kwanza, mutoto wangu. Chakula kipo."

Baba alimtazama Mama. Mama akainama. Basi akalamba, taratibu, hadi kiganja kikabaki kitupu. Bibi akamkumbatia kwa nguvu, na Mama akaketi palepale chini, akalia.

Baba hakutusimulia kamwe kilichotokea njiani. Lori hakuligusa tena. Alikula peke yake, na ukimwita mara ya kwanza haitiki. Nilipokuwa chuoni nilimcheka Bibi na misukule yake. Siku hizi simcheki. Alijua kwamba vita vinaweza kumrudisha mtu bila kumrudisha, akauliza swali ambalo sisi wengine tuliliogopa, ila kipimo alichokuwa nacho kilikuwa cha ulimi tu.

Mimi nilimngoja miaka mingi Baba yule wa zamani. Mama hakungoja. Alianza kumjua upya huyu aliyekuja, polepole, kwa haya, kama anavyojulikana mchumba.