Nani Alituambia Tuvue Jaketi

Mguu wa kushoto ulikanyaga, kwaya nzima kwa pamoja, na boti ikalala kushoto. Ikarudi. Hicho kilikuwa kiitikio cha kwanza, na watu walicheka chinichini huku wakiendelea kutabasamu, maana kamera ilikuwa inatutazama kutoka kwenye boti nyingine. Kiitikio cha pili ikalala zaidi. Maji yakapanda ukingo, yakalowesha pindo za sare, lakini hakuna aliyeacha kucheza. Wimbo ulikuwa unatoka kwenye spika, na spika ilikuwa kule kwenye boti ya mpiga picha. Sisi kazi yetu ilikuwa kuufuatisha kwa midomo na miguu. Pigo zito likaja tena, miguu ikashuka kushoto, na safari hiyo boti haikurudi.

Nakumbuka baridi imeingia masikioni. Nakumbuka kitenge kimenizunguka miguu kama mtu kanifunga kamba. Nilipotoa kichwa juu niliona rangi ya chungwa imetapakaa majini. Zilikuwa laifu jaketi zetu. Tulikuwa tumezirundika kwenye pua ya boti, sasa zinaelea zenyewe, tupu. Waliokuwa karibu nazo walizidaka. Mimi nilidaka ubao wa kukalia. Na wimbo ulikuwa bado unapigwa. Tulikuwa tunakohoa maji na huku tunajisikia tunaimba vizuri, sauti zote nne, mpaka wimbo ukaisha wenyewe.

Tulipoitana ufukweni, kwenye sauti ya pili alikosekana mmoja. Wavuvi walimpata kesho yake.

Naandika kwa sababu mpaka leo watu wanaambiwa dada huyo alivua jaketi yake mwenyewe, alitaka apendeze kwenye video. Huo ni uongo. Kuna mtu alimwambia avue. Jina lake sitaliandika, nitaandika cheo chake, na watu wa mitaa yetu, Nyakato na Iringo, watamjua.

Mimi shule niliishia darasa la saba, Butiama. Muziki nilifundishwa na mjomba wangu aliyekuwa katekista. Alitufundisha nota za herufi, do re mi, kwa mkaa juu ya ubao wa mlango wa ghala lake, na alikuwa na njia yake moja ambayo sijaiona kwa mtu mwingine: nadharia aliianzia miguuni. Kabla hujajua jina la nota yoyote unajua pigo zito ni mguu wa kushoto. Tulikuwa tunapalilia mihogo tukiimba, kushoto, kulia, kushoto, kulia, na ukikosea anakurudisha mwanzo wa tuta.

Ndivyo ninavyofundisha na mimi. Ukimwambia mtoto wa darasa la pili kwamba kipimo kimoja kina mapigo manne, la kwanza zito, anakutolea macho. Ukimwambia kanyaga, anakanyaga, na baada ya wiki kadhaa hata akiwa amelala ukipiga makofi mguu wake wa kushoto unashtuka. Watu wazima vilevile. Nina wanafunzi Nyakato siku za wiki na Bunda Jumamosi, pale Manyamanyama, kwenye chumba cha fundi cherehani mmoja anayefunga mapema. Nimefundisha kinyozi wa Iringo ambaye fa yake ilikuwaga inapanda juu kama moshi, nikashindwa, nikamhamishia sauti ya nne ambako haimsumbui mtu. Nimefundisha mzee mfugaji aliyetaka atungiwe wimbo wa ng'ombe wake. Nikamwambia mimi situngii mtu, nafundisha mtu atunge.

"Sasa mwalimu, ng'ombe wangu hawajui do."

"Na wewe unaijua?"

"Sijui. Ila mimi nikijua, watajua. Wale ni ng'ombe wangu."

Akatunga. Ulikuwa wimbo mzuri, majina matupu ya ng'ombe mwanzo hadi mwisho.

Dada aliyekufa alizaliwa Bunda, akaolewa Nyakato, na kazi yake ilikuwa kukaanga sato pale barabarani. Alinijia jioni moja na aproni yake, ananukia mafuta. Akasema, "Mwalimu, nyimbo zinanijiaga nikiwa nageuza samaki. Nikifika nyumbani zimeshaondoka." Nikamfundisha kukamata sauti kwa herufi, haraka, kabla haijapoa. Alikuwa anaandika pembeni ya magazeti ya kufungia samaki, na mengine yaliondoka na wateja. Siku moja alikuja anacheka mpaka machozi. "Nimetunga kitu kizuri, mwalimu, lakini kuna mtu ameondoka nacho. Saa hizi kala sato wake na amefutia vidole sauti ya pili."

Wanaojifunza kutunga nawapa sharti moja: andika ulichokiona. Usianze na mbingu kama hujafika. Yeye aliandika habari ya mama yake, aliyempeleka zahanati amembeba mgongoni kwenye tope akiwa mdogo, mvua ya masika, na njiani mama anamwimbia ili asilale. Kiitikio chake kilisema, "Mgongo wako ulikuwa barabara yangu." Kanisani watu walielewa ni Mungu anaimbiwa, na yeye aliwaacha waelewe hivyo. Mimi nilijua ni mama yake wa Manyamanyama.

Kiitikio kile alikiishilizia kwenye re. Anayejua muziki anajua re haikai, inataka ishuke kwenye do ipumzike. Mwenyekiti wa kwaya yetu alilalamika. Huyu mwenyekiti ana duka la vifaa vya ujenzi, na wanaume wengi wa kwaya ni mafundi wanaopata kazi kupitia kwake. Alisema wimbo haujafika nyumbani. Dada akamjibu kwa adabu kabisa, "Mwenyekiti, mama yangu bado anatembea. Kwa nini mimi nimkalishe?" Watu wakacheka. Mwenyekiti hakucheka, na re ikabaki.

Sasa huku kwetu kwaya ambayo haina video ni kama haipo. Ukienda kuimba mahali, kitu cha kwanza wanakuuliza, video yenu iko wapi. Tuliporekodi sauti, mwenyekiti akaitisha kikao akasema picha zitapigwa ziwani, juu ya boti. Kuna kwaya ya upande wa pili wa ghuba ilikuwa imefanya hivyo na watu waliisifia sana. Nilisimama nikasema tukapigie kwenye mawe pale ufukweni, mawe yapo na maji yanaonekana nyuma.

"Mawe kila kwaya inayo, mama mwalimu."

"Basi kwenye boti tukae, tuimbe tumekaa."

"Tukae? Kwaya imekaa kama inasubiri basi la Tarime?"

Watu wakacheka tena, na safari hii kicheko kilikuwa chake. Nikasema lingine, na hili waliokuwepo wanalijua: hatua ile niliwafundisha kwenye sakafu ya saruji. Watu wote wanatupa uzito upande mmoja kwa wakati mmoja. Boti itacheza nao. Akasema boti ni kubwa, inabebaga magunia ya dagaa, itashindwa kubeba sauti ya kwanza? Kikao kikafungwa kwa sala.

Asubuhi ya kupiga picha ziwa lilikuwa limetulia. Mwenye boti, mtu mzima, alisimama ufukweni akagawa jaketi, moja kwa kila mtu, akahakikisha kila mmoja amefunga. Nampa haki yake kwa hilo. Tukatoka mpaka mji ukaonekana mdogo, injini ikazimwa, tukajipanga. Mpiga picha akatutazama kwenye kamera yake akatikisa kichwa.

"Hizo vitu zinaua sare," alisema. "Hapa naona machungwa tu. Sioni kwaya."

Sare zilikuwa mpya, kitenge cha kijani, na mwenyekiti ndiye aliyekichagua. Alikuwa amesimama nyuma ya mpiga picha, kwenye ile boti nyingine, amevaa suti, na juu ya suti amevaa jaketi yake. Akasema, "Jamani, vueni. Wimbo wenyewe dakika chache. Wekeni pale mbele."

Mwenye boti alikuwa ameshika kasia nyuma yetu. Nilimgeukia. Aliangalia maji. Na boti ni yake.

Watu wakaanza kuvua. Mimi nilivua. Dada akabaki ameshika kifungo chake. "Mwenyekiti, mimi naogopa maji. Mimi ni mtu wa Bunda, sijui kuogelea."

Mwenyekiti akamjibu kwa sauti, ili boti zote mbili zisikie. "Samaki unawakaanga kila siku, leo unaogopa maji? Vua, mama, unatuchelewesha. Au nikutoe kwenye mstari?"

Wakacheka, na dada pia akacheka, maana ungefanyaje, watu wote wanakutazama na wimbo ni wako. Akaivua. Aliikunja vizuri kama mtu anakunja nguo ya mtoto, akaipitisha mbele kwa mikono ya watu. Mimi ndiye niliyeipokea kwa mwisho nikaiweka juu ya nyingine.

Kisha spika ikawashwa.

Msibani, mwenyekiti alipewa nafasi ya kusema neno kwa niaba ya kwaya. Alisema dada yetu alikuwa mtu wa kupenda kupendeza, alitaka Bwana aonekane kwenye sare safi, na akaivua jaketi kwa hiari yake, basi tumwachie Mungu. Nilikuwa nimekaa na wanawake, sauti imenikauka kwa yale maji. Nilingoja mtu wa kwaya asimame. Wale waliocheka kwenye boti walikuwa wameinamisha vichwa.

Baadaye kanisani kukawa na kikao cha wazee. Wakauliza nani alifundisha ile hatua. Mwenyekiti akasema mwalimu. Wakauliza nani alisema wavue. Mwenyekiti akasema hakumbuki kama kuna mtu alisema. Mpiga picha hakuja. Mwenye boti alisema yeye alishagawa jaketi ufukweni, yaliyotokea mbele ni ya wenye kwaya. Wakamuuliza mmoja wa sauti ya nne, fundi wa kupaua, kijana niliyemfundisha tangu hajaota ndevu. Akasema upepo ulikuwa unavuma, hakusikia vizuri. Siku ile hapakuwa na upepo hata wa kutikisa kitenge. Nilipotoka nje nikamwita.

"Mura, kijana wangu, hukusikia?"

"Mwalimu, nilisikia. Lakini ile nyumba ya Nyakato tumeanza kupaua. Wewe utanipa nyumba nyingine ya kupaua?"

Wazee wakanisimamisha kuongoza kwaya mpaka hapo watakapoamua, na mpaka leo hawajaamua. Kuna ofisa alikuja akaandika maelezo yangu, akasema nitaitwa. Sijaitwa.

Kisha video ikatoka. Naam, waliitoa. Walichukua vipande vya kiitikio cha kwanza, kabla boti haijalala sana, wakaviunganisha na picha za ufukweni. Dada yupo, safu ya mbele, anatabasamu. Hakuna rangi ya chungwa popote. Watu wanaandika chini yake, mbarikiwe, sare nzuri.

Mama yake alikuja darasani kwangu Manyamanyama Jumamosi moja, bibi mwembamba, amejifunga kanga mbili. Watoto wakampisha kwenye benchi. Akasema anataka kujifunza ule wimbo, lakini si kwa kusikiliza kwenye simu, ile simu inamwonyesha mtoto wake. Anataka kuusoma. Biblia anaisoma, kwa hiyo na nota atazisoma.

"Bibi, tunaanzaga na mguu," nilimwambia.

"Mguu gani?"

Niliona shida kusema. "Wa kushoto."

Akatazama mguu wake, akakanyaga. Tulienda hivyo Jumamosi nyingi. Sauti yake ni nyembamba lakini haitoki kwenye njia. Watoto walikuwa wanamcheka akisahau so, na yeye anawaambia, "Ninyi mna meno yote, ndiyo maana so inawatii." Alipofika kwenye kiitikio aliimba mpaka ile re, akasimama, akangoja.

"Inaishia hapa?"

"Inaishia hapo, bibi. Alisema mama yake bado anatembea."

Halafu akauliza alichokuwa amekuja nacho tangu Jumamosi ile ya kwanza, nadhani. "Kwa wakwe zake wanasema alikufa kwa maringo. Wajukuu wangu wanakua wanasikia hivyo, mama yenu aliuawa na maringo. Mwalimu, wewe ulikuwepo. Mtoto wangu alivua mwenyewe?"

Nikamweleza kama nilivyoeleza hapa, pamoja na lile neno la samaki. Hakulia. Aliuliza tu kama mtu aliyesema hivyo alikuwa amevaa jaketi ya kwake. Nikasema alikuwa ameivaa, juu ya suti.

"Basi aje aniambie yeye," alisema. "Wewe nimekusikia. Nataka kumsikia yeye."

Nilikupelekea maneno hayo, mwenyekiti. Nilikuja dukani kwako mchana, wateja wapo, nikakwambia mama wa marehemu anakuita Manyamanyama. Ulisema nikuache, yameshazikwa. Kwa hiyo nauliza hapa, mbele ya watu. Mpiga picha, ulisema jaketi zinaua sare, uko wapi? Mwenye boti, kwa nini uliangalia maji? Na wewe uliyesema vueni, bibi yupo nyumbani kila siku, nyumba yake inajulikana. Nenda ukae mbele yake umwambie ni nani aliyemwambia mtoto wake avue. Kisha uende kwa wakwe uwaambie na wale watoto. Lini unakwenda?