Bi Kwanani na Kiti cha Kaunta

Alikuwa fundi wa makochi, na jina lake la kuzaliwa walilikumbuka ndugu zake tu. Wengine wote walimwita Bi Kwanani, jina alilojitakia mwenyewe. Siku lile duka kubwa la bei chee lilipofungua mlango mtaa wa pili kutoka karakana yake, lilitundika bango pana lililoandikwa Kila Kitu Rahisi. Mama wa watu akasimama chini ya bango, penseli sikioni, akauliza kwa sauti iliyosikika ng'ambo ya barabara, "Rahisi kwa nani?" Watu wakacheka, na jina likamganda.

Msidhani alikuwa anaropoka. Watu wa duka hilo aliwahi kuwashonea mito ya viti, enzi walipokuwa na tawi moja tu upande mwingine wa mji. Mwanzoni walimbembeleza. Kisha kila oda ikawa inakuja na ombi la kupunguza bei kidogo, na kidogo tena, mpaka ikabidi achague: apunguze sponji ndani ya mto, au apunguze ujira wa wasichana waliomsaidia kushona. Hakupunguza chochote. Aliwarudishia sampuli yao, akaapa kwamba senti yake haitaingia dukani kwao wala mguu wake hautakanyaga. Jirani yake seremala hakuwa na ubavu huo. Yeye alipunguza, akapunguza, hadi akafunga karakana, na leo analinda geti la watu.

Kwa hiyo alipoletewa kiti kilichonunuliwa huko, miguu imelegea kabla hakijazoea nyumba, alikitengeneza, maana kazi ni kazi, lakini mwenye kiti ilimpasa kwanza asikilize hotuba. "Bei imeshuka, sawa," alisema huku anang'oa misumari. "Ila bei haishuki hivi hivi. Kuna mtu huko imemwangukia kichwani." Mwenye kiti alitikisa kichwa kukubali, na kesho yake akaonekana anatoka dukani kule na mfuko. Bi Kwanani alimwamkia kwa sauti ya juu, kusudi ajue kaonekana. Alikuwa mchokozi, tusifichane.

Basi mambo yakamwendea kombo nyumbani kwake mwenyewe. Mwanawe alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu, na mkewe akawa anakaa na mama mkwe. Mkamwana huyu alitafuta kazi mpaka soli zikaisha, na alipoipata, aliipata hapo hapo, kwenye kaunta ya malipo ya lile duka. Bi Kwanani hakumkataza, kwani riziki ya mtu haizuiliwi. Aligeuza uso tu kila sare ya duka ilipoanikwa kambani, na wote wawili walijua maana yake.

Yule binti akashika mimba. Miezi ilivyosonga, miguu ikaanza kuvimba, viatu vikawa haviingii. Kwenye duka lile mtu wa kaunta hakai. Anasimama tangu anaingia mpaka anatoka, eti mteja akimkuta amekaa ataona amedharauliwa. Mkunga wa kliniki alimpima presha akamwambia bila kuzunguka kwamba akiendelea kusimama hivyo anamweka mtoto hatarini. Aliomba kiti. Msimamizi akamjibu kuwa wanaotaka kukaa wakae nyumbani.

"Si uache," Bi Kwanani alimwambia jioni ile, anamkanda miguu kwa maji ya chumvi.

"Niache, halafu huyu anayekuja tumlee na nini, Mama? Mshahara wa mwanao unaujua."

"Ndiyo maana mimi niliwasusa wale watu zamani."

Mkamwana aliuondoa mguu majini. Alikuwa mpole, na wapole wakiamua kusema huwa hawabahatishi. "Mama, nikwambie kitu, usikasirike. Hakuna mtu mle ndani anayejua kwamba umewasusa. Msimamizi hajawahi hata siku moja kuuliza, yule fundi mbona haji. Wewe umekaa na msimamo wako, na mimi ndiye niliyesimama."

Bi Kwanani alimwaga yale maji nje, lakini neno hilo hakuweza kulimwaga. Liliingia mpaka kwenye mfupa. Miaka yote alipita mbele ya bango lile kichwa juu, roho kwatu, akijiona amewakomoa, na kumbe waliokomolewa hawana habari. Aliona aibu, na aibu yenyewe ikamtia hasira, na mama huyu akiwa na hasira mikono yake hutaka kazi.

Asubuhi alimwita mkamwana karakanani. "Simama hapa kwenye meza ya kukatia. Jifanye unapokea mteja." Akamshika kiwiko, akapima kutoka kiwiko hadi sakafu, akapima tena. Alichagua mbao ngumu, akatengeneza kiti kirefu chembamba cha kuingia nyuma ya kaunta bila kumkwaza mtu, chenye kiegemeo cha mgongo na kijiti cha kuwekea miguu. Akafunga mikanda ya mpira, akajaza sponji nzito bila kuibania, akavalisha kitambaa cha rangi ile ile ya sare. Mkamwana aliuliza cha nani. Akaambiwa aende kazini, atachelewa.

Mchana Bi Kwanani akapiga moyo konde, akavaa gauni la kutokea, akabeba kile kiti, akakanyaga pale alipoapa kutokanyaga. Mlinzi alimsimamisha mlangoni, akamwambia mizigo inaachwa nje.

"Huu si mzigo, baba. Mimi mtu mzima, foleni zenu ni ndefu. Au mmeniandalia pa kukaa humo ndani?"

Mlinzi akampisha. Bi Kwanani alichukua mche mmoja wa sabuni, akaenda kwenye foleni ya mkamwana wake, akaketi juu ya kile kiti kama jaji. Foleni ilivyosogea, akawa anashuka, anakisogeza, anapanda tena. Watoto walicheka. Mkamwana alipomwona uso ulimbadilika, maana alimjua.

Zamu yake ilipofika aliweka sabuni juu ya kaunta, akakizungusha kiti upande wa pili. "Karibu kiti, mwanangu."

Yule binti alikitazama, akamtazama mama mkwe, akatazama kule ofisini. Kisha akakaa. Alivuta pumzi ndefu ya mtu aliyetua gunia, akaishika sabuni.

Msimamizi alikuja mbio na tai yake. "Mama, hairuhusiwi. Mteja ataona anadharauliwa."

"Mteja ni mimi," alisema Bi Kwanani. "Nimekuja kununua, na aliyemkaribisha akae ni mimi. Labda tuwaulize hawa." Akageukia foleni. "Jamani, kuna aliyedharauliwa hapa?"

Watu walitazamana. Mzee mmoja aliyekumbatia dumu la mafuta akasema, "Mimi nimedharauliwa na foleni. Mwache dada akae, atuhudumie twende." Wengine wakaguna kukubali, na mama mwenye mtoto mgongoni akauliza hivi hilo tumbo msimamizi halioni.

Msimamizi alilainika ghafla, maana simu za kupigia picha zilishaanza kutoka mifukoni. "Haya. Kwa leo tu."

"Na kesho," mkamwana alisema, macho yakiwa kwenye sabuni.

"Umesema?"

Akainua uso. Sauti ilitoka nzima. "Nimesema na kesho, bosi. Na mwezi ujao. Na hawa wenzangu pia, hata wasio na mimba."

Kwenye kaunta ya jirani kulikuwa na mama mtu mzima aliyesimama hapo tangu duka lifunguliwe, hajawahi kusikika akilalamika. Aliacha kazi aliyokuwa anafanya. "Na mimi nataka," alisema. Wa kaunta ya tatu naye akasema. Msimamizi aliitazama foleni, na foleni ikamtazama yeye.

Bi Kwanani alifungua mdomo, maana kunyamaza si fani yake, kisha akaufumba. Wenyewe walikuwa wanasema. Alilipia sabuni yake, akakiacha kiti pale, akawapisha waliokuwa nyuma.