Bakuli la Orvin

Kompyuta ikikorofisha mjini kwetu, huku kaskazini mwa Minnesota, hupelekwa kwa Orvin Haugdahl. Kitu kimoja tu hafanyi: hafuti. Vijana wa dukani hufuta kila kitu na kuanza upya, dakika arobaini kazi imekwisha. Orvin hukaa na mashine hata siku mbili, na watu humcheka kwa hilo. Wamesahau kilichomfanya aache kufuta.

Miaka sita iliyopita Kurtis, mwana pekee wa Lorna Bjerke, alizama ziwani barafu aliyokuwa akitembea juu yake ilipokatika. Orvin, kama majirani wote, alipeleka bakuli la nyama na viazi, jina lake limebandikwa chini ili bakuli lirudi. Wiki mbili baadaye Lorna alimletea kompyuta iliyokuwa nzito kufanya kazi. Siku hiyo Orvin alikuwa na haraka. Aliifuta bila kuuliza, na picha zote za Kurtis zikapotea. Mabakuli ya wengine yalirudi. La Orvin halikurudi, naye hakuthubutu kuliulizia.

Jumanne hii Lorna aliingia na kompyuta ileile kwapani.

"Inanguruma mpaka paka anaikimbia," alisema. "Futa tu, Orvin. Si ndiyo kazi yako?"

Maneno yalimchoma, na yalistahili kumchoma.

"Sifuti. Kaa, Lorna. Itachukua muda."

Prosesa, ubongo wa mashine, ilikuwa ikitumika kwa asilimia tisini na nane, ilhali hakuna programu hata moja iliyofunguliwa. Mkorofi alikuwa miongoni mwa huduma, programu ndogo zinazofanya kazi chinichini, nazo zilikuwa zaidi ya ishirini, zimejificha nyuma ya jina moja. Orvin alizitenganisha, akawa anazisimamisha moja moja, akiziandika kwenye karatasi na kuisikiliza feni. Ya kwanza, wapi. Ya tano, wapi. Lorna alimaliza kahawa aliyokaribishwa. Orvin aliposimamisha ya kumi na nne, asilimia zilishuka hadi sita na feni ikanyamaza.

Ilikuwa huduma ya kunakili picha. Alifungua maagizo yake. Iliagizwa kunakili folda ya Kurtis, na kila ilipoikosa ilianza upya kuitafuta kwenye diski nzima, bila kupumzika.

"Lorna, inatafuta picha nilizofuta mimi."

"Najua. Hilo agizo nililirudisha mwenyewe, majuzi tu. Nikasema labda kuna kona hukuifikia."

"Hakuna. Nilizimaliza zote. Sikukuuliza, na miaka yote hii sijakuomba msamaha. Nisamehe."

Lorna alisogeza kiti karibu na kioo cha kompyuta.

"Hapo umeisimamisha tu, siyo?" aliuliza. "Nionyeshe pa kuizima kabisa."

Alimwonyesha. Lorna aliizima kwa kidole chake mwenyewe, kisha akalia bila kuficha uso, na Orvin akakaa naye mpaka alipomaliza.

Alhamisi Orvin alikuta bakuli lake mlangoni, jina bado limebandikwa chini. Ndani mlikuwa na nyama na viazi, bado vya moto.