Saa Mbili ya Ikola

Miaka ya tisini, nikiwa nimetoka tu chuoni, niliajiriwa Mpanda kuchambua takwimu za utafiti wa homa za watoto. Kwenye rasimu ya ripoti jina langu lilikuwa mwisho kabisa, kwenye shukrani, baada ya dereva. Niliumia, ila niliogopa kuonekana najidai.

Kisha fomu za zahanati ya kijiji cha Ikola zikanisumbua. Watoto karibu wote walipimwa 2:00, na daktari mkuu wa utafiti alishaandika kwamba homa ya kule hupanda saa nane usiku. Lakini zahanati ile ilifungwa jioni!

Siku tatu nilizunguka mlangoni kwake kabla ya kuingia.

"Shikamoo, daktari. Samahani, nadhani muuguzi aliandika saa mbili yetu. Ya asubuhi."

Alicheka mpaka miwani ikamdondoka. "Kumbe! Ningeaibika, kijana wangu."

Akachukua kalamu, akafuta jina langu kwenye shukrani. Nikajua nimefukuzwa. Akafungua ukurasa wa kwanza, akaliandika kati ya waandishi, chini ya lake.

Nilikimbia nje kumwambia dereva.

"Hongera, bwana mdogo," alisema akicheka. "Sasa wa mwisho ni mimi!"