Nguruwe ya Falonne

Kansa ilinishika mu titi, na Falonne, dada ya bwana yangu, akakataza mafuta mu chakula yangu: eti inalisha ugonjwa. Hapa Vuhovi avoka, lile tunda ya mafuta, inaanguka yenyewe, lakini yote alikuwa anaokotea nguruwe yake. Mimi nikakula sombe, majani ya muhogo, ya chumvi tu, nikashinda nalia kwa kujificha. Ile nguruwe ikanona mbele ya macho yangu. Niliionea wivu kuliko mwanamuke yeyote muzima.

Ku hôpital ya Butembo, infirmière mwenye kunitunza akasikia yote, akashangaa: « Mama Kahongya, nani alikukataza avoka? Kula! Na ile huzuni, usiifiche. »

Kurudi, nilikuta Falonne anapelekea nguruwe kitunga ya avoka. Nikamunyang'anya, nikapasua avoka, nikakula.

« Na nguruwe? » akapiga kelele.

« Iambie iko mugonjwa. Ipikie sombe yangu. »